Muziki wa Metali na Maadili ya Wanamuziki Wake: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Nakuru na Bonde la Ufa

Muziki wa metali ni mkondo mzito wa roki unaotambulikana kwa magita ya umeme ambayo sauti yake hukwaruzwa makusudi, kwa ngoma zinazopigwa kwa nguvu na kasi, na kwa waimbaji ambao mara nyingi hunguruma au hupiga mayowe pale ambapo wengine wangelainisha sauti. Katika jiji la Nakuru na miji iliyo karibu nalo, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Kericho, wapenzi wa muziki huu ni wachache wakilinganishwa na wapenzi wa mugithi, wa nyimbo za Injili au wa kantri, muziki wa mashambani kutoka Marekani ambao kwa miongo mingi umekuwa na mashabiki wengi katika Bonde la Ufa. Uchache huo huwafanya watazamwe kwa shaka. Kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu huulizwa kama amejiunga na waabudu shetani. Naye kwa upande wake, akishajua kwamba baadhi ya wanamuziki anaowapenda walichoma makanisa, walihubiri ubaguzi wa rangi au walipanga kuua, hubaki na swali gumu kuliko lile la majirani, yaani kama inawezekana kuipenda kazi ya mtu na kuyakataa maadili yake.

Makala hii inashikilia kwamba jambo hilo linawezekana, ila halitimii kwa kutamka tu. Maadili hayakai ndani ya sauti. Hukaa ndani ya maneno, ndani ya matendo, na ndani ya fedha na heshima ambazo msikilizaji humpa mwanamuziki. Kwa hiyo anayetaka kuutenganisha muziki na maadili ya walioutunga hana budi kuvikagua vitu hivyo kimoja kimoja, tena kwa kipimo kile kile ambacho yuko tayari kukitumia kwa nyimbo za kanisani kwake na za lugha ya mama yake.

Majibu mawili ya haraka yamekuwa yakizuia ukaguzi huo. La kwanza ni la kulaani kila kitu. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ya tume hiyo ilipowekwa wazi mwaka wa 1999 iliipa nguvu mpya hofu iliyokuwa imekwisha kutanda majumbani na shuleni. Katika mazingira ya hofu kama hiyo alama huchukua nafasi ya ushahidi, na mavazi, nywele au muziki wa kelele huwa hoja tosha ya kumhukumu mtu. Jibu la pili ni la kusema kwamba muziki ni muziki tu na kwamba maisha ya mwanamuziki hayamhusu msikilizaji hata kidogo. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yanafanana katika jambo moja: kila moja humwondolea mtu kazi ya kupima. Anayelaani kila kitu hahitaji kusikiliza, na anayekubali kila kitu hahitaji kufikiri.

Sauti na chanzo chake

Jambo la kwanza la kukagua ni sauti yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi. Kundi linalohesabiwa na wengi kuwa chimbuko la metali, Black Sabbath la jiji la Birmingham, Uingereza, lilitoa albamu yake ya kwanza mwezi Februari 1970. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati alipokuwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa vidole hivyo ndivyo alivyotumia kubana nyuzi, alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti ya chini na nzito. Ule uzito ambao msikilizaji wa mara ya kwanza huudhania kuwa dalili ya uovu ulitokana, kwa sehemu kubwa, na ajali ya kazini na uvumilivu wa mfanyakazi kijana ambaye hakutaka kuacha kupiga gita.

Hoja nyingine inayosikika mara kwa mara ni kwamba metali hutumia mpangilio wa noti uliohusishwa na shetani. Kinachozungumziwa ni umbali wa toni tatu kamili kati ya noti mbili, ambao wataalamu wa muziki wa Ulaya waliuita shetani ndani ya muziki kwa sababu ulikuwa mgumu kuimbwa na uliacha sikio likingoja utulivu. Ni kweli kwamba wimbo unaobeba jina la kundi la Black Sabbath umejengwa juu ya umbali huo. Hata hivyo, umbali uo huo umo ndani ya kodi ya saba ya noti ya tano, yaani mkusanyiko wa noti nne ambao huandaa mwisho wa beti katika tenzi nyingi zinazoimbwa kwa sauti nne, na kwa hiyo kwaya inayoimba Jumapili kutoka katika Tenzi za Rohoni kwa kufuatisha kinanda huenda ikaupitia mara nyingi kabla ibada haijamalizika. Noti haijui inamtumikia nani. Anayetaka kujua metali inafundisha nini hana budi kuvuka sauti na kwenda kwenye mambo mengine.

Somo la Kapkatet

Bonde la Ufa lenyewe lina mfano wa zamani unaoonyesha jinsi sauti inavyoweza kuachana kabisa na mwenyewe. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekusanya muziki wa Afrika na ambaye miaka minne baadaye alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, katika eneo la Kericho. Miongoni mwazo zilikuwamo zilizomtaja kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilikuwa matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa sahani za santuri. Katika wimbo uliopata umaarufu kuliko mingine, wasichana wa Kikipsigis walimwimba kama kiumbe ambaye ni nusu mtu na nusu swara, wakamkaribisha acheze ngoma pamoja nao.

Wasichana hao hawakumjua Rodgers wala hawakuwa na njia ya kumjua. Hawakujua kwamba katika ujana wake aliwahi kufanya maonyesho akiwa amejipaka masizi usoni, mtindo wa wazungu wa Marekani wa kuwaigiza na kuwadhihaki watu weusi, wala kwamba muziki wake ulikuwa na deni kubwa kwa blusi, muziki wa huzuni wa watu weusi hao hao. Walisikia sauti, wakaipenda, wakaitia katika lugha yao na kinubi chao, na kilichopatikana kikawa chao. Hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba kwa kuimba Chemirocha waliukubali mtindo wa kujipaka masizi.

Mfano huu unathibitisha kwamba kutenganisha kunawezekana, lakini pia unaonyesha mpaka wake. Wasichana wa Kapkatet hawakumlipa Rodgers, hawakuvaa picha yake, na hawakuwa na njia ya kupata habari zake. Msikilizaji wa leo mjini Nakuru ana simu ambayo kwa dakika chache humweleza mwanamuziki ni nani, amesema nini na amehukumiwa kwa kosa gani. Aliyenyimwa habari husamehewa kwa kutojua. Mwenye habari mkononi huwajibika kwa anachoamua kutokujua.

Maneno na nafsineni

Baada ya sauti huja maneno, na hapa metali ina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa mngurumo hufanya hata anayejua Kiingereza vizuri asishike kinachoimbwa. Ushauri wa kwanza ni rahisi: kila anayependa wimbo atafute maneno yake yaliyoandikwa, ayasome polepole, na akishindwa kuyaelewa aulize. Si jambo la heshima kurudia kwa mdomo, au kubandika kwenye simu na daftari, maneno ambayo mtu hajui maana yake.

Kuyasoma maneno peke yake, hata hivyo, hakutoshi, kwa sababu wimbo unaweza kuzungumza kwa kinywa kisicho cha mtunzi. Wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya hufundishwa katika somo la ushairi dhana ya nafsineni, yaani nafsi inayozungumza ndani ya shairi, ambayo si lazima iwe nafsi ya mshairi mwenyewe. Mshairi mwanamume huweza kuzungumza kama mjane, na mcha Mungu huweza kuzungumza kama mwizi ili msomaji auone wizi kwa ndani. Dhana hiyo ndiyo inayohitajiwa hapa. Mwaka wa 1982 kundi la Iron Maiden la Uingereza lilitoa wimbo uitwao Run to the Hills, ambao sehemu yake inasimuliwa na wenyeji wa Amerika walionyang'anywa ardhi na sehemu nyingine inasimuliwa na wavamizi wao. Anayesikia sehemu ya wavamizi pekee huweza kudhani kwamba kundi linasifu mauaji, ilhali wimbo mzima unayashutumu. Msikilizaji wa Bonde la Ufa, eneo ambalo Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya mwaka wa 1904 na wa 1911 ili kuwapisha walowezi, ana sababu ya kuuelewa wimbo huo kwa undani kuliko wengi wanaouimba huko ulikotungwa.

Nafsineni ya metali huvaa pia maleba. Alice Cooper, ambaye kwa miongo mingi amekuwa akijifanya kukatwa kichwa jukwaani, ni mtoto wa mchungaji na hujitambulisha hadharani kuwa Mkristo. Nicko McBrain, mpiga ngoma wa miaka mingi wa Iron Maiden, kundi ambalo wahubiri wa Marekani walizichoma sahani zake kwa kuwa moja ya albamu zake ilitumia jina la namba ya yule mnyama wa Ufunuo, aliokoka mwaka wa 1999 na akaendelea kupiga ngoma katika kundi hilo hilo. Kwa hiyo fuvu, pembe na damu ya kuigiza ni ushahidi dhaifu sana wa kile mtu anachokiamini.

Bado lipo swali la kuuliza ambalo uigizaji haulijibu: je, wimbo wenyewe unamtaka msikilizaji amchukie nani? Yako makundi ya metali, machache lakini ya kweli, ambayo hutunga nyimbo za kuutukuza Unazi na ukuu wa watu weupe bila nafsineni yoyote ya kujificha nyuma yake. Katika nyimbo hizo chuki ndiyo maudhui. Hakuna utenganisho unaowezekana hapo, kwa kuwa kinachotakiwa kutenganishwa ndicho wimbo wenyewe, na ushauri kwa msikilizaji ni kuziacha.

Matendo ya mwanamuziki: maswali matatu

Ugumu mkubwa huja pale ambapo wimbo hauna kosa lakini mtunzi analo. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Varg Vikernes wa Norwe, aliyerekodi peke yake kwa jina la Burzum katika tawi la metali nyeusi, ambalo ni mtindo wenye kasi, mayowe na sauti iliyorekodiwa kwa ukali wa makusudi, na ambalo baadhi ya waasisi wake walitangaza uadui dhidi ya Ukristo. Mwezi Agosti 1993 alimuua mwanamuziki mwenzake Øystein Aarseth, na mwaka wa 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Aliachiliwa mwaka wa 2009, na mwaka wa 2014 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki ya rangi kupitia maandishi yake dhidi ya Wayahudi na Waislamu.

Kesi ya pili ni ya Phil Anselmo, mwimbaji wa kundi la Pantera la Marekani, ambaye mwezi Januari 2016 alipiga saluti ya Kinazi jukwaani na kupaza sauti akiutukuza uweupe, kisha akaomba radhi hadharani. Miaka saba baadaye, mwaka wa 2023, matamasha mawili makubwa ya Ujerumani yaliliondoa kundi lake katika ratiba. Ya tatu ni ya Tim Lambesis wa kundi la As I Lay Dying, lililouzwa kama kundi la metali ya Kikristo. Alikamatwa mwaka wa 2013 kwa kujaribu kumkodi mtu amuue mke wake, akahukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka wa 2014, na akakiri kwamba alikuwa ameiacha imani huku kundi likiendelea kuuzwa kwa jina la Kikristo. Kesi hii inafaa kukumbukwa na kila mzazi wa Nakuru anayedhani kwamba muziki ni salama mradi una lebo ya dini.

Kesi hizi zikiwekwa pamoja zinatoa maswali matatu ambayo msikilizaji anaweza kuyatumia kwa mwanamuziki yeyote. Swali la kwanza ni kama kosa ni tendo lililopita au ni fundisho linaloendelea. Aliyeua, akafungwa, akatubu na kunyamaza yuko tofauti na yule anayetoka gerezani na kuendelea kuhubiri chuki, kwa maana wa kwanza anahukumiwa kwa alichokifanya ilhali wa pili bado anatafuta wafuasi. Swali la pili ni kama kosa limeingia ndani ya kazi. Muziki wa Burzum katika albamu zake za awali hauzungumzii rangi za watu, bali misitu, usiku na ngano za kale, na kwa sababu hiyo wasikilizaji wengi huona wanaweza kuusikiliza bila kulishwa fundisho la mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo, kwa kuwa lipo swali la tatu, nalo ni kama usikilizaji humpa mkosaji uwezo wa kuendelea kudhuru. Mtu huweza kuyajibu maswali mawili ya kwanza kwa kuuruhusu muziki, kisha la tatu likamzuia.

Inafaa pia kuzingatia waliodhuriwa. Muumini ambaye kanisa lake lilichomwa, au mtu mweusi ambaye mwimbaji amemwita duni, hana wajibu wa kutenganisha chochote. Akisema kwamba hawezi kuisikia sauti hiyo bila maumivu, jibu la adabu ni kunyamaza na kuizima mbele yake. Kutenganisha muziki na mwanamuziki ni uhuru wa msikilizaji, si amri anayoweza kumpa mwingine.

Fedha, fulana na heshima

Wengi husema wametenganisha muziki na mwanamuziki huku mifuko yao ikiwa haijatenganisha. Majukwaa mengi ya kusikilizia muziki kwenye intaneti hukusanya fedha za ada na za matangazo, kisha hugawa sehemu kubwa yake kwa wenye haki kwa kadiri ya mara ambazo nyimbo zao zimesikilizwa. Malipo ya kusikilizwa mara moja ni madogo sana, na mara nyingi hupita kwanza kwa kampuni iliyorekodi, hivyo msikilizaji mmoja hapaswi kujiona ameutajirisha uovu kwa kuucheza wimbo mara chache. Hata hivyo, mchango huo si sifuri, na hukua pale ambapo mtu huununua muziki moja kwa moja kwa mwanamuziki, hununua bidhaa zenye jina lake au hulipa kiingilio cha tamasha lake.

Ushauri unaofaa ni wa ngazi. Kwa mwanamuziki aliyekosa na kutubu, msikilizaji anaweza kuendelea kama alivyokuwa. Kwa aliyekosa na kukaidi lakini ambaye kazi yake ni safi, anaweza kuisikiliza kazi ya zamani aliyo nayo, asinunue mpya, na asiisambaze kwa wengine bila kuwaeleza mwenyewe ni nani. Kwa anayehubiri chuki hadi leo na kuitumia sifa ya muziki wake kujipatia wafuasi, njia iliyo salama ni kumwacha, kwa kuwa muziki mzuri upo mwingi na maisha ya mtu hayatoshi kuusikiliza wote. Kuiba kazi ya mtu huyo, yaani kuipakua bila kulipa kwa kisingizio cha kumnyima fedha, si suluhisho, kwani ni kuvunja sheria ya hakimiliki, na bado sifa yake huendelea kuenea.

Fulana inastahili uangalifu wake wenyewe. Sehemu kubwa ya fulana za makundi ya metali zinazovaliwa Nakuru hupatikana kwenye vibanda vya mitumba, na ununuzi huo haumpi mwanamuziki hata senti, lakini huyatangaza maandishi yaliyo kifuani. Mnunuzi asome jina la kundi na kulitafuta kabla ya kulivaa, na ajifunze alama chache: namba 88, ambayo Wanazi mamboleo huitumia kumaanisha salamu ya Hitler kwa kuwa herufi ya nane ya alfabeti ni H, jua jeusi lenye miale iliyovunjika, na misalaba ya Kinazi iliyofichwa ndani ya michoro. Namba 88 inaweza kuwa mwaka wa kuzaliwa tu, na fuvu mara nyingi ni fuvu tu, kwa hiyo alama isomwe pamoja na jina la kundi na isiwe sababu ya kumshambulia aliyeivaa bila kujua.

Heshima nayo ni mali. Anayeacha kumpa heshima mkosaji anaweza kuihamishia kwa anayestahili, na Afrika Mashariki haikosi wa kupewa. Kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake mwaka wa 2020 kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mwimbaji wake, Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, alitoa mwaka wa 2024 albamu iitwayo The Adept, aliyoitunga kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, nyanya katika ukoo wake na mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Marshali katika Mau Mau. Nchini Uganda kundi la Vale of Amonition limekuwa likipiga metali ya mwendo wa polepole kwa miaka mingi. Msikilizaji wa Nakuru ambaye kwake metali ni sauti ya ghadhabu dhidi ya dhuluma hana haja ya kuitafuta Oslo, kwa kuwa ghadhabu iliyo karibu na historia yake inapatikana kwa lugha na majina anayoyajua.

Kipimo kile kile kwa muziki wa nyumbani

Kipimo kinachotumiwa kwa metali kisipotumiwa kwa muziki wa nyumbani hugeuka kuwa chuki dhidi ya wageni. Nakuru, Molo, Njoro, Olenguruone na Naivasha ni mahali ambapo watu waliuawa na kufukuzwa katika mapigano ya mwaka wa 1992, baada ya uchaguzi wa mwaka wa 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hakuna mwanamuziki wa metali anayejulikana kuwa alihusika na mapigano hayo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 na kutoa ripoti yake mwezi Oktoba 2008, ilivitaja vituo vya redio vya lugha za mama miongoni mwa vyombo vilivyochangia kuchochea chuki, na mwaka wa 2012 wanamuziki watatu waliokuwa wakiimba kwa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa madai kwamba nyimbo zao zilikuwa za uchochezi. Neno madoadoa, lililotumiwa katika Bonde la Ufa kuwaita majirani wa kabila jingine uchafu wa kuondolewa, ni la Kiswahili fasaha, halina mngurumo wala gita la umeme.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2008 baada ya ghasia hizo, ilitoa mwezi Aprili 2022 orodha ya maneno ya chuki ambamo lilikuwemo neno madoadoa, na pia sipangwingwi, neno lililokuwa limevuma kupitia wimbo wa vijana wa kuchezea dansi kabla wanasiasa hawajalichukua. Kuwekwa kwa neno hilo la pili kulizua ubishi mkubwa, na ubishi huo una funzo: wimbo usio na nia mbaya unaweza kutiwa nia mbaya na anayeutumia, kama vile wimbo wa mtu mbaya unavyoweza kusikilizwa bila ubaya wake. Wajibu wa maadili hauishii kwa mtunzi. Unamfikia pia anayeucheza wimbo huo kwenye matatu, kwenye mkutano wa siasa au kwenye matanga.

Kwa sababu hiyo yale maswali matatu yaulizwe kwa kila muziki. Mwimbaji wa Injili akituhumiwa kumdhulumu mtu, asihurumiwe kwa kuwa nyimbo zake zinamtaja Mungu. Mwimbaji wa mugithi akimtukana jirani wa kabila jingine, asitetewe kwa kuwa anaimba kwa lugha ya nyumbani. Na mwimbaji wa metali aliye mwadilifu asihukumiwe kwa sababu ya mngurumo.

Wajibu wa mzazi, mchungaji na mwalimu

Mzazi anayegundua kwamba mtoto wake anasikiliza metali ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, mradi asianze kwa kunyang'anya simu. Amwombe mtoto amchezee wimbo anaoupenda zaidi na amsomee maneno yake, kisha amuulize ni nini kinachomvutia: kasi, ustadi wa kupiga, ghadhabu, au hisia ya kuwa pamoja na wengine walio pembeni kama yeye. Kila jibu hudai mazungumzo yake. Baada ya hapo ndipo jina la mwanamuziki litafutwe pamoja, na yale maswali matatu yaulizwe kwa sauti, mzazi naye akiwa tayari kuulizwa kuhusu waimbaji anaowapenda yeye.

Mchungaji, padri au imamu afanye vivyo hivyo kabla ya kupanda mimbarini. Akitaka kuushutumu wimbo, autaje kwa maneno yake halisi na aeleze kosa lake, kwa kuwa kijana anayejua kwamba kiongozi wake wa dini hajawahi kuusikia wimbo anaoulaani hujifunza kutomsikiliza hata katika mambo anayoyajua. Mwalimu wa fasihi ana chombo tayari mkononi, nacho ni nafsineni. Kipindi kimoja cha kulinganisha wimbo wa metali, wimbo wa Injili na wimbo wa siasa kwa kuuliza nani anazungumza, anazungumza na nani na anamtaka afanye nini, humfaa mwanafunzi katika mtihani na katika mwaka wa uchaguzi.

Zipo dalili ambazo hazihusu muziki na zisichanganywe nao. Kijana asiyelala, anayejitenga na kila mtu, anayejiumiza au anayezungumzia kufa anahitaji msaada wa haraka wa mshauri wa shule, daktari au hospitali ya rufaa ya kaunti, na kuzichoma fulana zake hakutamponya. Mwaka wa 1990 mahakama moja huko Reno, Marekani, ilisikiliza madai kwamba maneno yaliyofichwa katika rekodi ya kundi la Judas Priest yaliwafanya vijana wawili wajaribu kujiua, na jaji akaamua kwamba madai hayo hayakuthibitishwa. Kuulaumu muziki humpa mzazi mtu wa kumkasirikia, lakini huweza kumchelewesha kumsikiliza mtoto.

Kutenganisha muziki na maadili ya wanamuziki, basi, ni kazi inayofanywa wimbo kwa wimbo na mtu kwa mtu, na anayeifanya kwa uaminifu huenda akaacha baadhi ya nyimbo alizozipenda na akatetea nyingine alizokatazwa. Katika eneo ambalo nyimbo na redio zimewahi kutumiwa kuwatenga majirani, kazi hiyo inapita mapenzi ya vijana wachache wa roki. Msikilizaji aliyezoea kuuliza wimbo unamfundisha amchukie nani, ni nani anayelipwa kwa fundisho hilo, na ni nani anayeumia, atauliza maswali hayo hayo siku ambayo wimbo utachezwa kwa lugha ya mama yake kwenye mkutano wa kampeni mjini Nakuru, na siku hiyo maswali yake yatakuwa na faida kwa majirani zake wote, wapende metali wasiipende.